Mzaliwa wa Mombasa Aliyewajua Wadudu kwa Alama Zao

Ukiketi barazani Mombasa jioni, ukawauliza wazee ni watu gani mashuhuri waliozaliwa katika mji ule, utatajiwa masheikh, washairi, manahodha, waimbaji na wachezaji wa mpira. Mimi nimeketi baraza nyingi, na sijapata kumsikia mtu akimtaja Profesa Thomas Risley Odhiambo. Hali bwana huyu alizaliwa Mombasa, tarehe 4 Februari 1931, na alipofariki dunia tarehe 26 Mei 2003 alikuwa amekwisha kujulikana mbali na kwao kuwa mmoja wa wanasayansi wakubwa waliopata kutokea Afrika. Elimu yake ilikuwa elimu ya wadudu.

Huenda msomaji akacheka. Nzi na panzi wana habari gani ya kuandikiwa gazetini? Lakini sisi Waislamu hatuna ruhusa ya kumdharau nzi, kwani ametajwa katika Suratul-Hajj, tukafundishwa kwamba vyote viabudiwavyo badala ya Mwenyezi Mungu haviwezi kumuumba hata huyo mmoja, vijapokusanyika. Kiumbe aliyepigiwa mfano mkubwa kama huo anastahili kutazamwa vizuri. Nami naandika makala haya kwa sababu kulikuwa na siku ambayo sikumtazama vizuri, na mtu mwingine akalipa gharama yake.

KOSA LA BUNGOMA

Ilikuwa mwaka 1981. Nilikuwa kijana mbichi niliyetoka pwani, nimepelekwa Bungoma kuwa bwana shamba. Nchi ile ni nzuri, ina mvua na udongo mwekundu, na mlima Elgon huonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Sikuwa nimeuzoea mtama wala baridi, lakini nilikuwa na cheti, na kijana mwenye cheti hudhani kuwa anajua.

Mama mmoja wa Kibukusu, mjane, wa umri wa bibi yangu, alinipeleka shambani mwake. Mtama wake ulikuwa umeota yapata wiki tatu. Mche baada ya mche jani la katikati lilikuwa limenyauka, na ukilivuta linatoka lote mkononi. Mimi nilikuwa nimesoma kwamba hiyo ni dalili ya kiwavi anayetoboa bua, na mahindi ya jirani yalikuwa na kiwavi huyo kweli. Basi sikuinama, wala sikupasua bua hata moja. Nilimwambia anunue dawa ya unga aitie katikati ya majani, kisha apande tena mahali palipokufa.

Mama yule aliuza kuku watatu ili apate fedha ya dawa. Dawa ikatiwa, na mtama ukaendelea kufa. Akapanda tena kama nilivyomwambia, na ule wa pili ukafa zaidi kuliko wa kwanza. Msimu ule hakuvuna hata gunia moja. Hakunikaripia. Aliniambia tu, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, kwamba siku nyingine nitazame ndani kabla ya kusema.

Wiki ile ile nilikuwa na safari ya Kitale, nikachukua miche kadhaa katika mfuko wa karatasi. Kitale ni mji wa mashamba makubwa ya mahindi, na wana elimu ya mimea na wadudu hawakosekani huko. Mmoja wao alichukua wembe akapasua shina karibu na ardhi. Ndani mlikuwa na mdudu mdogo mweupe, hana miguu, wala kichwa chake hakionekani. Akanipasulia na bua la mahindi pembeni yake. Humo mlikuwa na kiwavi mwenye kichwa cha rangi ya kahawia na miguu yake inahesabika. Hata mtoto wa chuoni angeona kuwa hawa si ndugu. Yule wa mahindi angekuwa nondo. Yule wa mtama alikuwa mtoto wa nzi.

Kumbe nzi wa mtama hutaga yai moja moja chini ya jani la mche mchanga. Buu akitoka huteremka katikati ya majani mpaka kwenye kitovu cha mche, akakikata, kisha akala kinachooza. Jani likinyauka, yeye amekwisha kazi yake, na unga utakaotiwa juu haumfikii. Dawa yake kubwa ni wakati. Wakulima wa mahali pamoja wakipanda wote kwa pamoja mvua za kwanza zinapoanza, nzi huwa bado wachache. Anayechelewa hupokea nzi wote waliozaliwa katika mashamba ya wenziwe. Kwa hiyo nilipomwambia mama yule apande tena, nilikuwa nimewaandalia nzi karamu.

Mtaalamu yule hakuishia hapo. Alinionyesha kwenye hadubini nzi wazima, wadogo, wa kijivu, wa ukoo mmoja na nzi wa nyumbani. Nikadhani ni wa aina moja wote. Akanieleza kwamba aina zao ni nyingi, na baadhi yao hukaa katika majani ya mwituni wala mtama hawaugusi. Majike hufanana hata wajuzi hubabaika. Madume ndiyo hutoa siri, maana mwisho wa tumbo dume ana kijidude chenye matawi matatu, na kila aina imepewa umbo lake. Nikamwuliza elimu hiyo aliipata wapi, nikitarajia kusikia jina la mji wa Ulaya. Akanitajia kituo cha Nairobi na kituo cha Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na mtu aliyeviasisi, Profesa Odhiambo. Tangu siku hiyo nikaanza kukusanya habari za bwana huyu.

KUTOKA MASENO HADI KAWANDA

Odhiambo alikuwa Mjaluo kwa asili. Alisoma katika shule ya Maseno, kisha akaenda Chuo cha Makerere, Uganda, ambako wakati ule ndiko walikokwenda vijana wa Afrika Mashariki waliobahatika. Baada ya masomo aliajiriwa katika kazi ya kilimo ya serikali ya Uganda, akawa katika kituo cha utafiti cha Kawanda, karibu na Kampala.

Huko alijishughulisha na wadudu wadogo wanaofyonza maji ya mimea. Ukoo wao ni mkubwa na huingia katika pamba, mtama, chai na mazao mengine. Ukimweka mmoja kiganjani huenda asifike urefu wa punje ya mchele. Kazi ya Odhiambo ilikuwa kuwatenga: huyu ni yupi, na yule ni yupi. Alipima urefu wa papasi na wa mdomo, akatazama vinyweleo na rangi, akapasua madume kuangalia viungo vya uzazi, ambavyo katika wadudu wengi hutofautiana hata pale umbo la nje linapofanana. Kuanzia mwaka 1958 alichapisha mfululizo wa makala juu ya wadudu wa ukoo huo katika Afrika Mashariki, na mwaka 1962 kazi yake kubwa zaidi ilitolewa na Makumbusho ya Uingereza, kitengo cha viumbe. Aina ambazo elimu haikuwa imezijua alizielezea na kuzipa majina.

Mtu wa pwani hapaswi kuistaajabia kazi hiyo. Mgeni akisimama Forodhani huona matanga tu, na kwake vyote ni vyombo. Mzee wa baharini huona omo na tezi, akajua kwamba hiki ni jahazi, kile ni mashua na kile ni dau, hata akakwambia kimeundwa wapi. Hana miujiza, ana macho yaliyofundishwa. Tofauti ni kwamba katika siku zile, mdudu wa Afrika alipotaka jina ilibidi asafirishwe Ulaya akiwa amechomwa pini, akapewe jina na mtu ambaye pengine hakupata kumwona akiwa hai. Hata huko Kitale, mkusanyo mkubwa wa wadudu na ndege uliozaa makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1974 ulikuwa wa mwanajeshi Mwingereza, Kanali Hugh Stoneham, aliyefariki mwaka 1966 na kuuacha wasia kwa nchi. Ni wema wa kushukuriwa. Lakini kijana wa Kiafrika aliyekaa Kawanda akiwapa wadudu wa kwao majina alikuwa anafungua mlango mwingine.

CAMBRIDGE NA KURUDI

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Odhiambo alikwenda Chuo Kikuu cha Cambridge, akasoma chini ya Sir Vincent Wigglesworth, ambaye katika elimu ya jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi alikuwa hana mfano. Mwanafunzi alichagua nzige wa jangwani. Alichunguza tezi ndogo iliyo kichwani mwa nzige na namna inavyotawala kukomaa kwake na kuzaa kwake. Mwaka 1965 alipata shahada ya udaktari.

Angeweza kubaki Ulaya, na wako waliobaki. Alirudi mwaka ule ule kufundisha katika chuo kikuu cha Nairobi. Mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Kimarekani la Science juu ya sayansi na maendeleo ya Afrika Mashariki. Hoja yake ilikuwa kwamba Afrika haiwezi kuomba majibu ya matatizo yake milele. Inahitaji vituo vyake vichache vya utafiti wa hali ya juu, na akaona wadudu kuwa ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu wadudu ndio wanaokula mazao ya Mwafrika, kuwaua ng'ombe wake na kumletea homa.

Kutokana na fikira hiyo kilizaliwa mwaka 1970 Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kinachojulikana kwa kifupi kuwa ICIPE. Mwanzo wake ulikuwa mnyonge, katika vijumba vya Chiromo, Nairobi. Utaratibu wake ulikuwa wa kipekee. Mabingwa wa nchi za nje walikuja kwa vipindi kuelekeza utafiti, na vijana walikaa Nairobi mwaka mzima wakiifanya kazi. Walioshughulikiwa mwanzoni walikuwa adui zetu wa siku zote: mbung'o, mbu, mchwa, kupe, viwavijeshi, na yule nzi wa mtama aliyenifedhehesha Bungoma. Baadaye kituo kilihamia Kasarani, mahali palipopewa jina la Duduville.

Profesa aliongoza ICIPE mpaka mwaka 1994. Mwaka 1983 kulianzishwa mpango wa kuwafunza vijana wa Kiafrika shahada ya udaktari katika elimu ya wadudu, kwa kushirikiana na vyuo vikuu vya Afrika. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa Akademia ya Sayansi ya Afrika na rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa Tuzo ya Afrika ya Uongozi katika kuondoa njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegali. Kituo cha Mbita leo kinaitwa kwa jina lake.

WA KITALE NA WA MOMBASA

Sasa, msomaji wa pwani atauliza: haya yote yametufaa nini sisi? Nitatoa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni wa nyigu wadogo sana, wanaotaga mayai ndani ya viwavi wanaotoboa mabua. Watoto wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani. Katika mahindi ya pwani, kiwavi msumbufu ni mgeni aliyetoka Asia, na mwaka 1993, Odhiambo angali mkurugenzi, nyigu mmoja kutoka Pakistani alifunguliwa pwani ya Kenya ili amfuate adui yake. Nyigu huyo anafanana mno na jamaa yake wa Kiafrika, hata kuwatenga kunahitaji kutazama viungo vya dume kwenye hadubini. Asiyewatenga hawezi kujua kama mgeni amestawi au amekufa.

Lakini jambo la ajabu lilionekana kwa huyo wa Kiafrika. Wako wa Mombasa na wako wa Kitale. Kwa macho ni wale wale. Wa Kitale akitaga ndani ya kiwavi wa mahindi ya bara, watoto wake hukua. Wa Mombasa akitaga katika kiwavi huyo huyo, mwili wa kiwavi huyafunika mayai na kuyaua. Basi mtu angewachukua nyigu wa Mombasa akawapeleka Kitale kuwaokoa wakulima, angefanya kazi ya bure, tena bila kujua kwa nini. Alama za mwili ni mwanzo wa elimu, si mwisho wake.

NZI WA MAEMBE

Mfano wa pili ni wa maembe yetu. Mwaka 2003, mwaka ule ule aliofariki Profesa, watafiti wa ICIPE walimwona pwani ya Kenya nzi wa matunda ambaye Afrika haikuwa imemjua. Nzi wetu wa maembe wa zamani wana mabawa yenye madoa na mistari. Huyu mabawa yake ni meupe kama kioo, yana ukingo mweusi tu, mgongoni ana mistari miwili ya manjano ubavuni, na tumboni ana alama nyeusi mfano wa herufi T. Mkulima wa Malindi au Kilifi aliona maembe yameoza na funza ndani, akasema ni nzi tu. Wenye macho yaliyofundishwa walisema huyu si wa hapa.

Mwaka 2005 alipewa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi, akahesabiwa kuwa aina mpya. Akaenea Afrika kwa kasi. Wenye kununua matunda ng'ambo wakaingiwa na hofu. Mwaka 2014 Kenya ikasimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya, ikarudi sokoni mwaka 2021. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alikuja wenyeji wakaugua.

Kisha likaja fundisho. Wataalamu wa nchi nyingi walipolinganisha maumbile yake, damu yake ya urithi na kuzaana kwake, kufika mwaka 2015 walikubaliana kwamba hakuwa aina mpya. Alikuwa ni yule yule nzi wa matunda wa Asia, Bactrocera dorsalis, aliyekwisha kujulikana miaka mingi. Tofauti ndogo za rangi ziliwadanganya. Hilo si jambo la majina matupu. Yaliyokwisha kujulikana Asia juu ya kumnasa na kuyasafisha matunda yaliweza sasa kutumika huku bila shaka.

Mwaka 2016 likatokea kinyume chake. Nzi mwingine wa matunda, wa asili ya Afrika, aliyekuwa akiitwa kwa jina moja la Ceratitis rosa, ilionekana ni wawili. Mmoja anapenda joto la nchi za chini kama pwani yetu, mwingine anavumilia baridi ya nyanda za juu. Madume hutengwa kwa tofauti ndogo ya mguu wa kati, ila majike hutatiza. Basi tazama: mara majina mawili yalificha mdudu mmoja, na mara jina moja lilificha wadudu wawili.

DENI

Tunasoma katika Suratul-Baqara kwamba elimu ya kwanza aliyofundishwa baba yetu Adam ilikuwa majina ya vitu. Nilipokuwa mtoto chuoni nilidhani ni jambo jepesi. Maisha ya Profesa Odhiambo yamenifahamisha uzito wake. Yeye alianza na pini na kioo cha kukuzia, akiwapa majina wadudu wasiofika urefu wa punje ya mchele, na akamaliza kwa kuacha vijana wa Kiafrika wanaoweza kusema huyu ni nani bila kungoja barua kutoka ng'ambo. Vituo na tuzo ni matunda, lakini mzizi ulikuwa ni ile tabia ya kuinama na kutazama.

Nilirudi kwa mama yule wa Bungoma kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Nilimwomba radhi, na safari hii nilizungumza naye pamoja na majirani zake, wakakubaliana kupanda wiki moja. Mtama ulipoota nilipasua mashina machache mbele yake, nikamwonyesha buu asiye na miguu. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema kwamba huyo alikuwa akimwona tangu usichana wake, ila hakuna bwana shamba aliyepata kumwuliza.

Alivuna. Akanipa debe la mtama nikalibeba mpaka Mombasa, na mama yangu mzazi akaupikia uji wa mwezi wa Ramadhani. Kuku watatu sikuweza kuwarudisha kwa umbo lao, nikalipa fedha. Deni jingine, la mzaliwa wa Mombasa aliyenifundisha bila kunijua, nalilipa leo kwa makala haya. Ukipasua embe lako ukakuta funza, usiseme ni nzi tu. Mtafute aliyemtaga, umtazame bawa lake.